Jinsi Nilivyoisambaza Sotoka kwa Bidii

Wanangu mnaoanza kazi ya mifugo, nawapongeza kwa makoti meupe. Yanawapendeza. Yatabaki meupe mpaka mbuzi wa kwanza apige chafya.

Nimesikia kwamba siku hizi virusi mnafundishwa kwenye skrini. Picha za rangi zinajizungusha zenyewe, mwalimu anabonyeza, kirusi kinaingia ndani ya seli taratibu, tena kwa heshima. Vizuri sana. Mimi nilijifunza kwa njia nyingine, na walioumia ni watu wengine.

Kwa hiyo, kabla hamjaniita mkongwe wa taaluma, jueni hili: sotoka ya mbuzi iliyomaliza mifugo ya kilima kimoja kule Mutaho, mkoani Gitega, aliyeisambaza ni mimi. Niliisambaza kwa mikono yangu, kwa bidii, siku ambayo nilifika kazini mapema kuliko wote. Na nilipomaliza, nilishukuriwa.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa fundi wa mifugo wa komuni, yaani wa tarafa. Daktari sikuwa, ingawa watu waliniita Dokita na mimi nilikuwa mvivu wa kuwasahihisha. Asubuhi moja alikuja ofisini mama mmoja, jina lake Rozaria. Alikuwa kama mimi, amekulia kambini Tanzania, akarudi Burundi mtu mzima, na Kiswahili chetu kilikuwa kinachekwa sokoni kwa sababu eti tunaongea kama redio. Alirudi na watoto wanne na godoro. Akapewa mbuzi jike mmoja, akamtunza, na kwa miaka kadhaa akawa na mbuzi kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake.

“Dokita,” akaniambia, “mbuzi wangu mmoja anatoka makamasi mazito, macho yameganda, na mdomo unanuka. Hali chakula tangu juzi.”

“Homa ya mapafu,” nikasema.

Hapo sikuwa nimeinuka kwenye kiti. Mnaona jinsi nilivyokuwa hodari? Utambuzi wa ugonjwa kwa njia ya kukaa.

“Na wale wengine?” akauliza. “Wawili wanakohoa.”

“Tutawachoma wote sindano. Waambie na majirani. Kesho kutwa, uwanja wa kanisa, kila mtu alete mbuzi wake.”

Walikuja. Wale wanaosema wakulima hawasikii ushauri wangeona uwanja ule! Mbuzi wa kilima kizima, wazima kwa wagonjwa, wamebanana pua kwa pua, wanalambana, wanapigana chafya usoni. Mimi nikapita katikati yao na chupa yangu ya antibiotiki, ile ya rangi ya njano iliyoiva, nikachoma mbuzi baada ya mbuzi. Sindano? Moja. Nilibadilisha ilipopinda. Mzee mmoja alinisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nikaondoka na mkungu wa ndizi na maharage ya kutosha wiki mbili, nikiwa nimefurahi.

Siku sita baadaye kilima kilianza kukohoa. Wiki iliyofuata nilimkuta Rozaria amechuchumaa nyuma ya nyumba, anampangusa mbuzi pua kwa ncha ya kitenge chake. Mbuzi nane walikuwa wameshakufa. Huyu alikuwa anahara maji, amelala ubavu, pumzi inakwaruza. Rozaria hakulia wala hakunipigia kelele. Aliniuliza swali tu.

“Nilikosea wapi, Dokita? Mbona niliwaleta wote? Hata wale waliokuwa wazima niliwaleta.”

 Jibu lilikuwa limesimama mbele yake limevaa mabuti ya ofisi.

Kufikia mwisho, kumi na mmoja wote walikuwa wamekufa. Kwa jirani yake walibaki wawili. Watu wakaanza kusema ni sumu, wengine wakasema ni wivu wa kilima cha pili. Hakuna aliyesema ni Dokita. Dokita alikuwa ameleta dawa.

Nikakata kipande cha bandama ya mbuzi aliyekufa, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye mkoba wangu kando ya mihogo ya kuchemsha, nikapanda gari kwenda maabara Gitega mjini. Gari liliharibika njiani. Jua lilikuwa kali. Mihogo nilikula.

Maabara ilikuwa na mtu mmoja wa kuogopwa, Mzee Nestori, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na ulimi wa Kiswahili na Kifaransa ambao ungeweza kupasua chupa. Alifungua mfuko wangu, akanusa, akaufunga.

“Alors, Mama,” akasema, “hapa tunapokeaga sampuli. We umeniletea mchuzi.”

“Ni bandama, Mzee.”

“Ilikuwaga bandama. Sasa iko mchuzi. Ile kitu tunatafuta ndani yake ni uzi wa ARN, na ule uzi unakatika-katika haraka kuliko unavyofikiri. Joto linaukata. Uozo unaukata. Hata jasho ya kidole chako inaukata. Na barafu iko wapi?”

Sikuwa na barafu. Nikamweleza habari yote, uwanja wa kanisa na sindano na kila kitu. Akavua miwani, akasema kwa dalili hizo ni sotoka tu, kirusi.

“Ile dawa yako ya njano, inauaga nini?”

“Bakteria.”

“Na kirusi iko bakteria?”

“Hapana.”

“Bon. Kaa chini.”

Nikakaa. Niliyojifunza alasiri ile hayakuwa mengi, lakini yamenitosha maisha yangu yote ya kazi, na ninawapa bila mtihani.

Kirusi hakili, hakipumui, hakina haraka. Hiki cha sotoka ni uzi mmoja mwembamba wa RNA, ndiyo ile ARN ya Kifaransa cha Nestori, umefungwa kwa protini, na juu yake kuna utando wa mafuta. Kikiwa nje ya mnyama hakiwezi chochote. Jua na sabuni ya kufulia vinakimaliza, kwa sababu utando ule wa mafuta ukiyeyuka hakuna kilichobaki. Ndiyo maana huhitaji mashine kubwa kupambana nacho kwenye mabuti yako. Unahitaji kuyaosha tu. Mimi nilikuwa sioshi.

Kikiingia puani mwa mbuzi mambo yanabadilika. Juu ya utando wake kuna protini zinazotafuta pa kushika, na hazishiki seli yoyote tu. Sotoka huanza na seli nyeupe, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Inanata pale, utando wake unaungana na utando wa seli, uzi unamwagika ndani. Hauendi hata kwenye kiini cha seli. Kazi yote unaifanyia nje ya kiini.

Lakini kuna shida ndogo: uzi huo umeandikwa kinyume, na seli haiwezi kuusoma. Tena seli haina kifaa cha kunakili RNA kutoka kwenye RNA. Kwa hiyo kirusi huja na kimeng’enya chake cha kunakili, tayari kimefungashwa. Kimeng’enya kinageuza uzi kuwa nakala zinazosomeka, na seli ikishaona nakala inayosomeka haiulizi imetoka wapi. Inatengeneza protini za kirusi kwa chakula chake yenyewe na nguvu zake yenyewe. Nyuzi mpya zinanakiliwa, zinafungwa, zinasogea ukingoni, zinatoka zimejivika kipande cha utando wa ile seli. Kisha zinakwenda seli ya pili, na ya kumi, na ya elfu.

“Na ule mnakili,” Nestori akaniambia, “hasahihishagi makosa. Anaandika mbio mbio, anakosea, anaendelea.”

“Nina shefu wa namna hiyo kazini,” nikasema.

Kwa mara ya kwanza akacheka.

Makosa hayo ndiyo yanayofanya virusi vingi vya RNA vibadilike kila mara, na mengine huviua virusi vyenyewe. Sotoka, kama nduguye surua ya watoto, haiwezi kubadilisha sana zile protini za kushikia, kwa sababu ikizibadilisha haishiki tena. Ndiyo bahati yetu. Chanjo moja inatosha kwa sotoka ya huku na ya huko. Baada ya seli nyeupe, kirusi huhamia kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, ya mdomo na ya utumbo, na hapo ndipo kinapotokea nje: kwenye makamasi, mate na mavi. Mbuzi anaanza kukitoa kabla hajaonekana mgonjwa sana. Halafu Dokita anawaita wote uwanjani.

“Sasa ile antibiotiki,” nikauliza, “haina kazi kabisa?”

“Inasaidia kwa bakteria inayokuja nyuma, kwa mapafu, kama askari ya mwili imeshakufa. Mais kirusi yenyewe iko ndani ya seli, inatumia jiko ya seli. Utaichoma wapi na ile njano yako?”

Nilirudi Mutaho. Nilichukua miezi miwili kumwambia Rozaria ukweli. Ninataja miezi hiyo kwa sababu nilikuwa napita mbele ya nyumba yake kila wiki, nikiuliza habari za watoto na za mvua. Mwishowe nilimkuta anapura maharage, nikamwambia nikiwa nimesimama, kwamba mbuzi wazima waliambukizwa uwanjani, na aliyewaita uwanjani ni mimi. Aliendelea kupura kidogo. Kisha akaweka fimbo chini.

“Basi usimfanyie mwingine,” akasema.

Akaokota fimbo yake. Sikusamehewa, wanangu, kama mnasubiri hiyo sehemu. Nilipewa kazi.

Miaka michache baadaye nikahamishiwa Muyinga, tena kwa cheo. Sijui nani alihesabu mbuzi gani. Siku hizi mikoa imechorwa upya na majina yamebadilika, lakini mimi bado nasema Muyinga, na sotoka pia haijapokea ramani mpya.

Muyinga mjini kulikuwa na mchuuzi wa mbuzi aitwaye Shabani, mtu wa msikitini, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na uga wenye mbuzi wasiopungua arobaini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu hivi kabla ya Idi ya kuchinja. Nilipita ugani kwake kwa ukaguzi wa kawaida, na pembeni nikaona mbuzi watatu wamejitenga, machozi yanatiririka, pua zimelowa. Sikukaa kwenye kiti. Nilipima joto, nikafungua midomo. Kwenye ufizi wa mmoja kulikuwa na vidonda vidogo, vyeupe kama pumba za mtama.

“Iko mafua, Mama,” Shabani akasema. “Wakati ya mvua mbuzi yote inapata mafua.”

“Hawa umewanunua wapi?”

“Huko mpakani. Keshokutwa nawapeleka soko ya Gasorwe, majike nauzia wakulima, nanunua madume ya Idi.”

Gasorwe ni vilima na mashamba, na kila nyumba ina mbuzi wawili watatu. Sokoni wanafungwa kwenye mti mmoja, pua kwa pua. Nilikuwa naujua uwanja huo. Nilikuwa nimeuandaa mwingine mwenyewe.

Nikampigia shefu wangu simu, nikamwomba afunge soko. Alikuwa mtu makini sana, asiyefanya kosa lolote kwa sababu hakufanya lolote.

“Una karatasi ya maabara?”

“Bado, shefu.”

“Basi hakuna ugonjwa. Ugonjwa ni karatasi.”

Nikachukua sampuli. Sikilizeni hapa, kwa sababu skrini haiwafundishi. Usimchague mbuzi anayekaribia kufa, yule anayewatia huruma. Mchague mwenye homa ambaye machozi yake bado ni maji. Huyo ndiye kirusi kimemjaa. Pamba ya kijiti chini ya kope, nyingine puani, kila moja kwenye kichupa chake, andika jina kwa penseli maana wino hufutika kwa unyevu. Vichupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya glasiyeri, lile sanduku la baridi, barafu chini na juu. Na chakula chako weka kwenye mkoba mwingine, kama una haya.

Majibu yangechukua siku mbili. Soko lilikuwa keshokutwa. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari la Gitega nilirudi kwa Shabani, glasiyeri begani.

“Naomba ufunge uga,” nikamwambia. “Mbuzi hata mmoja asitoke kwa wiki tatu. Mpaka Idi.”

Alinitazama kama niliyemwomba afunge msikiti.

“Mais, Mama! Ile ni Idi! Watu watachinja nini? Mwaka mzima mi nangojea ile siku.”

“Watakaobaki wazima wiki hiyo utawauza hapa hapa mjini, wachinjwe. Nyama yao haimdhuru mtu, sotoka haishiki binadamu. Ninachokataa ni kuwatembeza.”

“Na ile gonjwa?”

“Wewe unajua kuliko mimi. Mbuzi mgonjwa anafaa kwa Idi?”

 Akamtazama mbuzi mwenye vidonda. “Haifai,” akasema polepole. “Ya kuchinja Idi inapaswa kuwa nzima.” Kisha hasira ikamrudia. “We uko na karatasi? Shefu amesema nini?”

“Amesema hakuna ugonjwa.”

“Alors! Mbona we unanifungia?”

Hapo ningeweza kumtajia sheria. Ningeweza pia kumwambia habari za RNA, angenisindikiza hadi barabarani kwa adabu. Badala yake nilitua glasiyeri chini nikamweleza habari za Mutaho. Uwanja wa kanisa. Sindano moja. Mbuzi kumi na mmoja wenye majina, na yule mama aliyeniuliza amekosea wapi.

Shabani alisikiliza hadi mwisho.

“We ndo uliua mbuzi ya watu?”

“Ndiyo. Mimi.”

“We mwenyewe unasema?”

“Nasema mimi mwenyewe.”

Akashika ndevu zake. “Mi niko na miaka hamsini na tano. Mtu ya serikali kusema alikosea, sijaonaga.” Akazunguka uga mara moja, taratibu, akigusa mgongo wa mbuzi huyu na yule. Kisha akaenda langoni, akafunga kufuli, ufunguo akautia ndani ya kofia yake. “Kama iko mafua tu, Mama, nitakuja ofisini kwako na ndugu zangu yote.”

“Njoo nao. Nitawapikia chai.”

Nilikwenda Gitega nikiombea iwe sotoka. Hiyo ndiyo kazi yetu, wanangu: kukaa kwenye gari ukiomba ugonjwa uwe wa kweli. Nestori alikuwa anakaribia kustaafu. Alifungua glasiyeri, akaona barafu bado ngumu, akainua miwani. “Tiens,” akasema. “Leo hakuna mchuzi.” Hiyo ndiyo shahada pekee ninayojivunia.

Majibu yalitoka: sotoka. Soko la Gasorwe la siku ile lilikuwa limepita, bila mbuzi wa Shabani. Shefu alipopata karatasi aliamka kwa kishindo. Akafunga masoko ya mbuzi, akasimama mbele ya watu akaeleza jinsi alivyoushtukia ugonjwa mapema. Nilimpigia makofi. Kwa mwendo wake, ilikuwa mapema.

Kisha tukachanja Gasorwe. Hatukuita mtu uwanjani. Tulitembea nyumba kwa nyumba, kilima baada ya kilima, sindano mpya kwa kila boma, mabuti yakioshwa kwa sabuni kila tunapotoka. Chanjo ile ni kirusi chenyewe kilichodhoofishwa, kinahitaji kufika kikiwa hai ili mwili wa mbuzi ujifunze. Ukishaichanganya na maji yake, saa zinahesabika. Iliyobaki unaimwaga, hata kama moyo unauma. Nilishamwona mwenzangu akibeba iliyobaki mpaka kesho yake, kwa kubana matumizi. Alichanja mbuzi kwa maji.

Kwa Shabani walikufa mbuzi tisa. Aliwazika ndani ya uga wake mwenyewe, hakutupa hata mzoga mmoja bondeni. Wiki ya Idi nilipita kuwakagua waliobaki, pua kavu, macho safi, wanagombania majani ya migomba. Ndugu zake wote walikuwepo. Hakuna aliyekuja kunidai chochote, mmoja alinipa kiti, na Shabani akaniletea pilau, akasema, “Kula, Mama. Leo ukae.”

Gasorwe hakikutokea kitu. Hakuna aliyekohoa. Miezi miwili baadaye nilipita kule, na mama mmoja mkulima akaniona kutoka shambani akaja na jembe begani, haraka haraka.

“Ni wewe uliyetufungia soko!”

“Ni mimi, mama.”

“Mliingia kwangu na mabuti yenu, mkachoma mbuzi wangu, mkatutisha kwamba watakufa wote. Haya, ugonjwa uko wapi? Hebu nionyeshe!”

Mbuzi wake walikuwa watano. Mmoja alikuwa juu ya kichuguu, wawili wanapigana vichwa, na mwanambuzi alikuwa ameshaanza kula kona ya daftari langu. Niliwatazama pua moja baada ya nyingine. Zote kavu.

“Samahani, mama,” nikamwambia. “Haukuja.”

“Siku nyingine uwe na uhakika kwanza,” akasema, akarudi kupalilia maharage yake.